Wiki ya Kumngoja Mkufunzi

Ujumbe uliingia Jumapili alasiri, nikiwa kibanjani, shamba letu la nyumbani, namsaidia mama kukata majani makavu ya migomba. Mwanachuo mwenzangu aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mkufunzi ameshafika Kayanga, wiki hii anatuzungukia sote tulioko Karagwe na Kyerwa, na siku ya kila mmoja anaijua yeye mkufunzi peke yake. Nikakaa chini pale pale kwenye matandazo. Mama akaniuliza nani amekufa.

Niseme mapema nilichokuwa nakitaka, maana hakikuwa siri hata kwa kuku wa nyumbani. Nilitaka kuondoka. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu, na hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yangu ya mwisho ya kufundisha. Ya kwanza nilikuwa nimeyavuruga: mkufunzi aliingia, sauti ikanikauka, nikaandika tarehe ubaoni mara mbili, naye akaandika kwenye fomu kwamba sijiamini. Nikivuruga na haya, hakuna cheti, na bila cheti ningebaki nyumbani kukata majani ya migomba mpaka nizeeke. Nikifaulu, ningeomba kazi mbali, Mtwara au Katavi, popote ambapo naweza kupita njiani bila mtu kuniuliza natoka wapi na nimebeba nini. Mpaka leo sijapata wazo jingine la furaha linalolizidi hilo.

Chuo, kwa huruma yake, kilikuwa kimenipanga shule ya kijijini kwetu, kata ya Rugu, shule niliyosoma mimi mwenyewe. Walidhani wananisaidia nisihangaike na chumba cha kupanga. Nikapewa darasa la kwanza, chumba kile kile nilichojifunzia kusoma, na wa kunisimamia akawa mwalimu yule yule aliyenifundisha, mama ambaye sasa kichwa kimejaa mvi na anahesabu miezi ya kustaafu. Watoto walikuwa sitini na wanane. Nusu yao mama zao nawaita shangazi. Wengine waliniita dada mpaka mwalimu mkuu akawakemea mstarini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, lakini kila niliposimama mbele ya yule mama mikono yangu ilijipeleka nyuma yenyewe.

Somo nililoliandaa lilikuwa kujumlisha namba ambazo jumla yake haizidi tisa. Nililiandaa vizuri, kwa hasira ya mtu anayetaka kutoka. Tatizo lilikuwa zana. Vizibo vya soda vya darasa vilikuwa vimekwisha kwa sababu watoto walivigeuza magurudumu ya magari yao. Chuoni walituambia kila siku kwamba zana zitoke kwenye mazingira ya mtoto. Basi nikayatazama mazingira ya mtoto, na juu ya kabati la mama nikaona kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile akamwani inayochemshwa na maganda yake kisha kukaushwa juani, ambayo hakuna nyumba ya kwetu inayokubali kuikosa. Asubuhi ya Jumatatu nikakibeba.

“Hizo ni za wageni,” mama akasema.

“Nitazirudisha, mama. Ni za kuhesabia tu.”

“Na mgeni akija leo nimpe nini? Hesabu?”

Nikaondoka kabla hajaongeza jingine.

Jumatatu ile somo lilikwenda vizuri mno. Kila dawati, watoto wanne, niliwapa kahawa tisa. Tatu na mbili, nne na tatu, tano na nne. Walizipanga, wakazisukuma pamoja, wakahesabu kwa vidole, wakapigiana makofi. Yule mama mwenye mvi alikaa nyuma akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimaliza nikiwa na jasho mgongoni na nikatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Kwenye simu waliandika kwamba mkufunzi ameshinda Nkwenda.

Mwalimu mwenye akili angeendelea na somo la pili. Mimi niliogopa. Lile somo nililijua, lilikuwa limenikubali, na kwa nini nimpokee mkufunzi na somo jipya ambalo linaweza kunitupa? Jumanne nikaandika andalio lile lile, nikabadilisha tarehe tu. Nikagawa kahawa. Tatu na mbili.

“Mwanangu,” yule mama akaniambia wakati wa mapumziko, “jana si ulifundisha hili?”

“Narudia kidogo, mwalimu, ili waelewe.”

“Wameelewa,” akasema, akaenda kunywa chai.

Jumatano nikafundisha hilo hilo. Kahawa zilikuwa zimeanza kupungua, maana wapo waliozilamba, na kati ya waliozilamba wapo waliozimeza. Dawati moja lilikuwa na saba, jingine nane. Watoto walijibu kabla sijauliza. Nikiinua vidole vitatu, darasa zima linapiga kelele, “Tano!” Kijana mmoja wa dawati la mbele, akidhani Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, nimekiacha chuoni, alimnong'oneza mwenzake kwamba mwalimu huyu anajua hesabu moja tu. Nilitamani kumtoa nje. Sikumtoa kwa sababu alisema kweli.

Mchana ule tukapata habari kwamba mkufunzi yuko Bugene na amemkuta mwenzetu hana andalio la somo. Mwenzetu alilia mbele ya wanafunzi. Nikarudi nyumbani nikaandika andalio la siku ya nne, tatu na mbili, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote.

Alhamisi ilinyesha tangu alfajiri. Hiyo ndiyo siku niliyoichukia kuliko zote. Sikunywa uji, nikiogopa atanikuta na kikombe mkononi. Sikwenda chooni, maana choo kiko ng'ambo ya uwanja na ningeweza kupishana naye. Nilisimama kati ya ubao na dirisha la nondo, mvua ikipiga bati hata sauti yangu siisikii, na kila pikipiki iliyonguruma barabarani ilinisimamisha katikati ya sentensi. Moja ilikuwa ya muuza mikate. Moja ilimleta mzazi aliyekuja kumchukua mtoto mwenye homa. Mzazi huyo aliniangalia, akaniuliza kama mama hajambo, na kama ni kweli naondoka. Nilimjibu kwa adabu huku moyoni namtukana. Nilijisikia nimefungiwa ndani. Chumba kile nilikaa nikiwa na miaka saba nikingoja kengele ya kwenda nyumbani, na sasa nimekuwa mtu mzima nimevaa viatu vya visigino na bado nangoja, na safari hii hakuna kengele.

Jioni kwenye kundi waliandika: leo alikuwa Rugera, kesho anamalizia shule moja, kisha anarudi chuoni. Hawakusema shule gani. Nilihesabu wanachuo waliobaki ambao hajawaona. Nilikuwa mimi peke yangu.

Alifika Ijumaa baada ya uji, kwa bodaboda, viatu vimejaa tope. Mrefu, mtu wa mikoa ya kati kwa lafudhi yake, mpole. Watoto walisimama wakamwamkia. Akaitikia, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma karibu na yule mama, akaiweka fomu juu ya goti.

“Endelea, mwalimu,” akasema. “Fanyeni kama sipo.”

Sauti haikunikauka. Hiyo niliiona na nikamshukuru Mungu. Niliandika tarehe mara moja tu. Nikagawa kahawa, nikauliza maswali ya kukumbusha somo lililopita, ambalo ndilo lilikuwa somo lenyewe, na watoto wakajibu kwa mikono juu. Nilianza kufikiri kwamba nimeshatoka. Nilikuwa tayari niko Mtwara.

Ndipo binti mmoja wa dawati la pili, mtoto mdogo kuliko wote, asiyewahi kujibu swali hata moja tangu nifike, aliinuka. Alikusanya kahawa zote za dawati lao kwenye viganja viwili. Akatembea mpaka nyuma ya darasa, akapiga magoti mbele ya mkufunzi, akamnyooshea mikono yote miwili.

Lilikuwa kosa langu, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu hapaswi kulifanya. Nilikuwa nimewapa watoto wa Karagwe kahawa ya kutafuna, kisha nikawaletea mgeni, kisha nikategemea wakae nayo mezani wamtazame mgeni wa watu na mikono mitupu. Siku nne hakukuwa na mgeni, kahawa zikawa za hesabu. Siku ya tano mgeni amekuja na tope lake la safari, na mwalimu badala ya kumkaribisha anauliza tatu na mbili ni ngapi! Mama alikuwa ameniambia ni za nani. Nilizitazama kwa macho ya chuo na sikuona kitu ambacho mtoto wa miaka sita alikiona.

Mkufunzi hakujua la kufanya. Akazipokea, akasema ahsante, akaziweka pembeni kwenye benchi na kuchukua kalamu. Binti hakunyanyuka. Kwetu ukimpa mgeni unangoja aonje. Madawati mengine yakaona kwamba dawati la pili limewazidi adabu, na dakika ile ile nikapoteza darasa. Walikuja mmoja mmoja kutoka kila dawati, wengine wakisukumana njiani kwa kugombea nani apeleke, wakapiga magoti nyuma ya yule binti wakiwa wamenyoosha viganja. Mkufunzi alipokea, akapokea, mwisho akatandaza leso mapajani. Watoto kumi na saba walikuwa wamepiga magoti sakafuni na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuinuka.

“Mwalimu,” akaniambia kwa sauti ya chini, “warudishe wanafunzi wakae.”

Nikamtazama yule mama mwenye mvi anisaidie. Alikuwa anatazama dari. Na mimi nilichoka. Nilichoka na wiki nzima, na choo nilichokiogopa, na tatu na mbili.

“Hawatakaa, mwalimu,” nikasema, tena kwa ukali. “Wanakungoja wewe. Tafuna moja tu, tuendelee.”

Akachukua moja, akaitia mdomoni. Uso ukamkunjamana kwa uchungu wa kahawa. Watoto wakacheka kwa furaha, wakanyanyuka, wakapangusa magoti.

Andalio langu lilikuwa limekufa na sikuwa na kitu kingine mkononi. Nikauliza la kwanza lililonijia. “Dawati la kwanza limempa mgeni ngapi?” Saba, wakasema, maana mbili zilishamezwa Jumatano. “Na dawati la pili?” Tisa. “Mgeni anazo ngapi sasa?” Hapo tulikuwa tumeshavuka tisa, mahali ambapo wiki nzima sikuthubutu kukanyaga. Yule kijana wa dawati la mbele alikimbia mpaka mapajani mwa mkufunzi, akazitenga, akahesabu kwa sauti, darasa likihesabu naye, mpaka kumi na sita. Tukaendelea na dawati la tatu. Mkufunzi aliishika leso kwa mikono miwili zisimwagike na akasahau kuandika. Kengele ilipogongwa nilishangaa. Nilikuwa nimefurahi, na sikutegemea.

Aliijaza fomu ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilisimama nje ukutani. Kisha mwalimu mkuu akaniita, akiwa ameishika karatasi kwa mkono mmoja na miwani kwa mwingine, akanisomea maoni kwa sauti ya ibada: nimefaulu, tena vizuri, udhibiti wa darasa uongezwe, na mwishoni, kwamba mwalimu huyu anawafahamu watoto wa mazingira yake kuliko mwalimu yeyote aliyemkagua wiki hii, na angefaa sana kufundisha nyumbani kwao.

“Umesikia?” mwalimu mkuu akasema. “Nyumbani kwao.” Mama mwenye mvi anastaafu Desemba, akaendelea, na ajira za serikali hakuna ajuaye zitatoka lini, kamati ya shule itanipokea kama mwalimu wa kujitolea, darasa liko tayari, watoto wananijua. Mkufunzi alitabasamu. Alidhani amenipa zawadi. Nilitaka kusema hapana, na neno nilikuwa nalo kabisa mdomoni, lakini yule mama aliyenifundisha kusoma, naye alikuwa amekaa pale ofisini, alinishika mkono akasema sasa atastaafu kwa amani. Nikasema ahsanteni.

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Mama alikuwa amesimama kwenye lango la kibanja na jirani yetu, anapiga vigelegele. Nikaanza kulia kabla sijafika, kilio chenye sauti, sikuweza kukizuia. Mama akanikumbatia, akanifuta kwa ncha ya kitenge chake, akamwambia jirani kwamba mtoto amelemewa na furaha. Huu ni mwaka wa nne nafundisha chumba kile, na bado sijamsahihisha.