Mama Nambike wa Masjala

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi, mwanangu, nilipowasha mfumo mpya wa kompyuta katika hospitali moja huku milimani Upare, nikiamini kazi imekwisha. Nilikuwa meneja wa mradi, bado kijana, nimetoka Dar es Salaam na ratiba niliyojivunia sana. Wakuu wote wa hospitali nilikaa nao vikao. Mama Nambike, aliyetunza masjala ya wagonjwa tangu mimi niko shule ya msingi, nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwonyesha vitufe vya kubonyeza, nikapita zangu.

Kabla ya saa nne akafika mgonjwa kutoka Lembeni, Mwanaidi Hamisi. Karani akaandika jina, kompyuta ikamletea Mwanaidi Hamisi mwingine, wa Same mjini, karani asitambue. Nesi akasoma kwenye skrini kwamba mgonjwa hana tatizo na dawa yoyote. Akavuta penisilini kwenye sindano.

Kwa bahati nzuri, Mama Nambike alikuwa akipita.

"Nesi, subiri! Huyu ni Mwanaidi wa Lembeni. Dawa hiyo ilishawahi kumwacha mahututi!"

Nesi akashusha mkono. Mimi niko mlangoni, naona yote.

Mama Nambike hakunipigia kelele. Alinivuta pembeni.

"Mwanangu, ulikuja kunifundisha kubonyeza. Hukuniuliza hata mara moja ninawatambuaje watu wangu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mganga mkuu. "Kosa ni langu," nikamwambia. "Tuzime mfumo, turudi kwenye mafaili. Naomba wiki mbili." Akakubali. Wakubwa wangu wa Dar walifoka kwenye simu, nikawasikiliza hadi mwisho, sikubadili neno.

Wiki ya kwanza nilikaa kando ya Mama Nambike na daftari. Yeye tarehe ya kuzaliwa haiamini sana, maana wazee wengi huikisia. Huuliza kijiji, jina la mama mzazi, na balozi wa nyumba kumi wa kwao. Hayo yote tukayaingiza kwenye mfumo, tukaujaribu kwa wagonjwa wachache kwanza. Tulipouwasha tena, mgonjwa wa kwanza alisajiliwa na Mama Nambike mwenyewe, na foleni ikaenda vizuri.

Basi wewe unayekabidhiwa mradi leo, ratiba na kompyuta zijue vilivyo, huwezi kuzikwepa. Lakini anza na mtu atakayeutumia mfumo huo kila siku. Muulize, kisha nyamaza umsikie. Na mambo yakiharibika, sema mapema, kwa kinywa chako mwenyewe. Utaweza, sina shaka nawe. Mungu akujalie sikio lenye subira na ujasiri wa kukiri, na kazi yako iwafae watu hata utakapokuwa umeondoka.