Joka Mwenye Kunywa Kasiksi

Placide ni mudogo wangu, tumbo moja, na ninamupenda. Lakini ile mwaka ya Donatien, kama si kuogopa majirani, ningemukamata masikio mu barabara ya Kadutu na kumupiga makofi kama mutoto wa primere. Haki ya Mungu! Mutu muzima mwenye ndevu, mwenye Kifaransa ya kushinda hata bazungu wengine, na akili ya kuchezea watu namna ile.

Alikuwa analinda vitabu ku serkle, nyumba ya kukutania ya evolwe. Evolwe, ni vile walikuwa wanaita watu weusi wenye kusoma, wenye kuvaa kravate na kutafuta karte, ile karatasi ya serikali ya bazungu. Na karte haikuwa mchezo. Mwenye karte hapigwi fimbo ku gereza, anatembea mu mji ya bazungu hata giza ikiingia, na mutoto wake anaweza kupokelewa ku masomo ya bazungu. Lakini mbele ya kukupa, komisyo inakuja kwako nyumbani. Bazungu wanaingia, wanaangalia kama bibi anakula ku meza pamoja na bwana, wanafunua masufuria, wanafungua mpaka choo. Wewe unasimama tu na kravate yako, unasema ndiyo Bwana. Kisha wanakuuliza: unasoma kitabu gani?

Ju ya ile swali, wanaume walikuwa wanamukimbilia Placide. "Placide, unielezee kwa kifupi tu, mimi sina wakati." Sina wakati! Na wakati ya kukaa ku bia waliipata kila siku. Placide alikuwa ametoka seminari, walimufukuza ju ya kucheka mu misa, na vitabu alivipenda kupita chakula. Zaidi zile za maajabu, za malkia wa uchawi na majoka yenye mabawa. Kumuambia mutu kama yeye "kwa kifupi", ni kumutukana.

Njo akaanza kuwadanganya. Na uso wa katekista kabisa, hata jicho halichezi. Karani mumoja, Alphonse, alisimama mbele ya wenzake wote ku serkle akaeleza kwamba malkia wa uchawi aliacha ngome yake akaenda kuuza samaki ndagala ku soko. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Alphonse mwenyewe alicheka, akalipa bia. Placide akarudi nyumbani anatuigizia, na mimi, nitasema kweli, nilishika mbavu.

Kisha akafika Donatien.

Donatien alikuwa jirani yetu, bwana ya rafiki yangu Eulalie. Alikuwa anachunga magasin, depo ya mali ya Mugiriki mumoja kule chini mu mji: mabolo ya vitambaa, masanduku ya sabuni, makarto ya bati. Mutu wa kimya, wa mupango, shati yake ya kazi inapigwa pasi kama ya padri. Yeye karte aliitafuta ju ya kitu kimoja tu, na kila mutu mu avenue alikijua: binti yake Colombe aingie ku masere, wale watawa wenye masomo ya bazungu. Ile mutoto alikuwa na akili ya kutisha.

Donatien aliazima kitabu ya mufalme aliyeibiwa usingizi. Ku serkle ilikuwa mupya, imetoka Bulaya juzi. Placide aliisomaka zamani seminari. Baada ya siku kidogo Donatien akamufuata, kitabu imefungiwa mu kitambaa safi. "Ndugu Placide, mwanzo niliisikia muzuri. Lakini ya ndani ndani inanishinda. Unisaidie kidogo."

Sasa sikia. Vitabu vya Bulaya vya ile wakati vilikuwa vinafika kurasa zimeshikamana ku pembeni. Musomaji anakamata kisu, anazikata moja moja, ndipo anasoma. Placide akafunua, akaona hakuna hata moja yenye kukatwa. Damu ikamupanda. Akajisemea: huyu naye anaiweka ku meza ju wageni waione. Basi akamuelezea: yule kijana aliyetumwa kutafuta usingizi wa mufalme alifika ku mulima wa baridi, joka akamukaribisha vizuri, wakakunywa kasiksi ya ndizi mpaka wakalala wote wawili. Kisha joka akamupa binti yake, wakapatana ng'ombe za mahari, mufalme akaalikwa ku ndoa, naye akakunywa, na njo vile usingizi ulimurudilia. Donatien akasikiliza na kichwa yake yote. Akasema asante, akarudi na kitabu yake.

Komisyo ikafika. Eulalie ndiye alinielezea, maana alikuwa amekaa pale ku meza, na makanya, zile uma za kulia, mikononi, anaogopa hata kumeza mate. Colombe alisimama karibu na pazia, na nguo nyeupe. Masufuria yakapita, choo ikapita. Muzungu mumoja murefu akaona kitabu. "Ah! Hii niliisoma nikiwa mutoto. Tuelezee."

Donatien akaeleza mwanzo, muzuri sana, muzungu anatikisa kichwa. Kisha akafika ku joka. Kasiksi ikatoka, ng'ombe za mahari zikatoka. Bazungu wakaanza kucheka. Padri aliyekuwa pamoja nao akavua miwani, anapanguza machozi. Maskini Donatien akafikiri wamefurahi, akaongeza sauti! Mpaka yule murefu akakamata kitabu, akaifungua, akaona kurasa zimeshikamana. Akaacha kucheka.

"Wewe mwenyewe ulisoma kitabu hii?"

"Ndiyo Bwana, nilisoma."

"Kwa macho gani? Imefungwa."

Donatien akaangalia kitabu. Angesema tu, ni Placide aliniambia. Hakusema. Wakainuka, wakatoka, na Eulalie anasema aliwasikia wanacheka tena mpaka ku motokari. Karte akanyimwa: mutu wa bongo, ni kusema muongo. Na habari ikazunguka Kadutu yote mpaka Cimpunda. Watoto wakawa wanamuita Papa Joka, baba wa mutu, mbele ya binti yake!

Nilimuambia Placide: "Enda uombe musamaha." Akanijibu: "Yaya, angesoma. Uvivu yake njo imemuumiza, si mimi." Lakini kula alikuwa hali vizuri.

Siku ya Mungu, kisha misa, Donatien mwenyewe akabisha hodi. Ile kitabu mu mukono. Nikasema leo kutapigwa mutu hapa. Yeye akakaa polepole, akanisalimia, "Mama Firmin, habari ya watoto," kisha akamugeukia Placide.

"Ndugu Placide, ninaomba kuuliza. Hizi kurasa, mutu anaruhusiwa kuzikata?"

Akaweka kitabu juu ya magoti.

"Maana mimi niliisoma hivi." Akainamisha kichwa, akafungua mukunjo wa kurasa na kidole, akachungulia ndani kama mwenye kuangalia mu tundu ya mulango. "Zile za juu zinasomeka. Za ndani jicho halifiki. Wiki nzima nilihangaika, njo nikakufuata."

"Kwa nini haukukata?" Placide akauliza.

"Nikate kitabu ya serkle? Mimi ku magasin, kitu ikifika imefungwa, inatoka imefungwa. Anayefungua anafukuzwa. Nilifikiri ruhusa ni yako. Na kukuuliza, nilisikia haya."

Yesu Maria! Nilitamani ardhi inimeze, mimi ambaye nilicheka ya Alphonse. Placide akainuka, akakamata kisu yangu ya mboga, akaanza kukata zile kurasa. Kisha akamusomea, anatafsiri polepole, namna ilivyoandikwa: joka hakunywa kitu. Alimuambia kijana, usingizi wa mufalme nitakupa, lakini uniachie wa kwako. Kijana akaacha. Mufalme akalala, na kijana akabaki macho maisha yake yote, ku mulango wa mufalme.

Donatien alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Kumbe iko nzuri," akasema. "Iko nzuri sana. Na mimi niliwaambia mambo ya kasiksi."

Placide akapiga magoti, kweli, ku udongo ya nyumba yangu. "Donatien, unisamehe. Kesho nitaenda ku biro, nitawaambia ni mimi nilikudanganya."

"Hapana, usiende." Hakukasirika hata kidogo, na hiyo njo ilituua. "Waliniuliza kama nilisoma mwenyewe, nikasema ndiyo. Kwangu haikuwa bongo, zile za juu nilizisoma. Ukienda kusema ni wewe ulinielezea, basi nitakuwa mwenye bongo kweli, na Colombe atasikia."

Akafungia kitabu mu kitambaa, akauliza kama anaweza kuibakisha siku zingine. "Sasa vile imefunguliwa, nitamusomea mutoto. Ku masere hataingia tena, lakini hii aisikie muzuri."

Placide akaitika kwa kichwa. Aliinuka, akapita nyuma ya nyumba, na mimi nikamusindikiza Donatien mpaka ku mulango.