Programu Niliyomwekea Nadine

Sitaficha: Nadine alinichoma roho. Tunafanya kazi biro moja, ofisi ya watengeneza programu, hapa Kalemie, lakini programu yake njo ilipendwa, ile inayowatumia mama wafanyabiashara ujumbe boti ya Kigoma ikikaribia bandari. Mimi hata "asante, Papa Faustin" sikuipata.

Nikaandika programu ndogo ya kuichungulia yake kila sekunde, ili siku ikianguka niwe wa kwanza kujua. Nikaiita Chunga-Nadine. Sasa, programu zetu zote zinatembea kwenye mashini za kukodi huko mbali, na mwenye mashini anaruhusu kazi chache tu kwa wakati mmoja. Nafasi zikijaa, kazi nyingine zinangoja mlangoni. Hilo nalijua, njo kazi yangu. Wivu ukanisahaulisha.

Jana boti ilifika bila ujumbe hata mmoja. Mama wakaja biro na hasira, nami nikasimama mbele ya mkubwa wetu nikiwa nimenyoosha kola.

"Nilisema. Programu ya Nadine ni zaifu."

Nadine alifungua kompyuta yake. "Kuko kitu kinaichungulia programu yangu kila sekunde, kinajaza nafasi zote," akasema, akakizima. Pale pale simu za mama wote zikalia.

Mkubwa akainamia kompyuta. "Chunga-Nadine. Hii ni ya nani?"

Macho yote yakanigeukia. Mama Zawadi, muuza samaki wadogo wa ndagala, akanionea huruma.

"Papa Faustin, kama unamupenda, si umuambie tu?"

Kati ya aibu mbili, nikachagua hiyo ya mapenzi. Nikaitikia kwa kichwa.