Kofia Niliyoidai Msibani

Nilipopangiwa zahanati ya Mzenga, kijiji cha Ujamaa kikiwa bado kipya, nilikuwa mkunga niliyefuzu vizuri na sikuwa na mtu hata mmoja wa kupiga naye soga. Nyinyi mnaosifia heshima hamjaionja. Bibi mwenye mvi ananiamkia mimi, msichana, "Shikamoo, nesi," halafu anaharakisha kupita kama kaona askari wa kodi. Nilikuwa nakasirika, asikwambie mtu! Jioni nasonga bada yangu ya unga wa muhogo, nakula peke yangu, nalala.

Aliyeninyima raha hasa ni binti wa nyumba ya jirani. Alikwisha kuzaa mara mbili, zote nyumbani, na watoto wote wawili walikufa kabla hawajalia. Sasa ana mimba ya tatu. Nilimfuata kwao zaidi ya mara moja, lakini akiona gauni jeupe tu, anatokea mlango wa uani na kuzama mihogoni. Nilijua akizalia nyumbani tena, tutazika tena. Masomo yangu yote yalikuwa yameshindwa na mbio za mwanamke mmoja mjamzito.

Kisha baba yake akafariki. Nilipofika msibani wakaniwekea kiti, peke yangu, wanawake wote wakiwa mkekani. Dada wa marehemu, mwanamke wa maneno yule, akaniuliza, "Nesi, kwenu hasa ni wapi?"

"Tabora. Mimi Mnyamwezi."

Akajipiga paja. "Loo! Mtani wetu sisi Wazaramo kakaa kitini kama bibi harusi, na kaka yangu anatoka hivi hivi, bure?"

Mambo hayo sikuyasomea. Lakini kwetu niliwaona watani wakizuia maiti mpaka walipwe, wakigeuza kilio kuwa kicheko, na sikuwa tayari kuambiwa siyawezi. Nikavua viatu. Jeneza lilipoinuliwa, nikajilaza kizingitini.

"Hatoki mtu hapa! Mzaramo gani anaondoka ngoma haijaisha? Nipeni kofia yake kwanza!"

"Ondoka, mpagazi wee!" wakanirudishia. "Kofia hupati ng'o! Chukua jogoo."

Nikamwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa kila asubuhi chai ikichelewa. Nilimsikia kila siku kutoka uani kwangu. Kicheko kikapasuka mpaka chumbani kwa mjane. Basi nikapokea jogoo wangu, nikawapisha, nikakaa mkekani na wenzangu kukuna nazi.

Aliyekuwa akichagua mchele ubavuni mwangu ni yule binti. Analia, anacheka. "Baba alikohoa hivyo hivyo," akaniambia. Tukamzungumza baba yake mpaka wali ukaiva. Kuhusu mimba sikutia neno.

Wiki iliyofuata akaja zahanati kwa miguu yake. "Nimekuja kumwona mtani," akasema, maana mwenyewe bado alikuwa anamwogopa nesi. Nami nijali nini? Aje kwa jina lolote! Nikampima, na tangu siku hiyo hakukosa kliniki.

Uchungu ulimshika asubuhi moja ya mvua. Mama yake, eda imekwisha majuzi tu, alimleta akabaki barazani. Mtoto alitoka kimya, amelegea. Nikamsafisha kinywa, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi. Mikono ilifanya ilichofundishwa, lakini mdomo ulikuwa ukimsihi alie, kwa sababu huyu alikuwa mtoto wa kwetu. Mara akalia. Tena kwa hasira! Mimi na yule binti tukalia naye.

Bibi akafika mlangoni kumpokea mjukuu. Nami machozi hayajakauka, nikaweka mguu kizingitini.

"Hatoki mtu hapa mpaka nilipwe."

Hakubisha. Akapekua ndani ya khanga yake, akatoa kofia ya marehemu mumewe, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Nimetoka nayo nyumbani," akasema. "Nilijua utaidai."