Mtandao Unakatika Akianza Kumsema

Nyiramana alizaliwa Tabora, akafundisha shule ya msingi huko mpaka akastaafu. Mumewe alipofariki, mwanawe Nkusi alimwambia arudi nyumbani Kigali, Rwanda, walikotoka wazazi wake, ingawa huko alikuwa hajawahi kuishi. Akakubali. Sasa anakaa Kagugu na Nkusi, mkewe Umutoni, na mjukuu ambaye bado hajaota meno.

Chumbani kwa mama yake, Nkusi aliweka kompyuta yake ya zamani, kwa kazi moja tu: mama aonane na mdogo wake, Kellen, aliyebaki Tabora. Kila jioni walizungumza Kiswahili, na Nyiramana alikipenda zaidi kwa kuwa, kwa alivyojua, mkamwana wake hakukielewa. Nyumbani ilikuwa Kinyarwanda tu. Basi alimweleza Kellen yote: mchuzi wa Umutoni ni maji matupu, mtoto anafunikwa mablanketi kama mgonjwa, Nkusi siku hizi anaomba ruhusa hata ya kwenda kumsalimia rafiki.

Kisha mtandao ukaanza kukatika. Uso wa Kellen uliganda mdomo wazi, sauti ikakatakata, ikapotea. Baada ya muda mfupi ulirudi wenyewe.

"Bando limeisha?" Kellen aliuliza.

"Hapa hakuna bando, ni intaneti ya mwezi. Kuna mtu anaichezea."

Kwanza alimshuku jirani, Habiyaremye, ambaye vijana wake hawakuinua macho kutoka kwenye simu. Akamtaka Nkusi abadilishe nenosiri. Likabadilishwa, na jioni Kellen akaganda tena. Akaitwa fundi, binti aitwaye Ishimwe. Alikuja asubuhi, akapima ruta pale sebuleni, akapima kompyuta, akafungua video mbili kwa pamoja.

"Mama, kila kitu kiko sawa."

"Kiko sawa kwa sababu upo wewe," Nyiramana alisema.

Tangu siku hiyo alianza kuangalia nani yuko wapi. Na aliyoyaona hayakumpendeza. Kila alipompigia Kellen, Umutoni aliinuka sebuleni, akambeba mtoto, akaingia jikoni na kufunga mlango. Muda si mrefu, mtandao ulikatika. Mara moja Nyiramana alitoka mbio kwenda kuitazama ruta, akitumaini kuikuta imechomolewa. Taa zote zilikuwa zinawaka kijani. Hilo halikumtuliza. Alijiambia kwamba mjanja haachi alama.

Alimwambia Nkusi. Nkusi alicheka, na kicheko kile kilimuuma mama yake kuliko jibu lolote.

Jioni iliyofuata alimpigia Kellen, akaongea kwa sauti makusudi, huku sikio likiwa ukutani. Kompyuta ilikuwa imeegemea ukuta wa jikoni. Alisikia mlango ukifungwa, kisha mngurumo mzito upande wa pili. Papo hapo Kellen akaganda. Mngurumo ulipokoma, Kellen akaendelea na sentensi yake.

Nyiramana alikwenda jikoni bila kubisha. Umutoni alikuwa anatoa kikombe cha maji moto kwenye maikrowevu na kutumbukiza ndani chupa ya maziwa ya mtoto.

"Kwa nini kila nikiongea na mdogo wangu unakuja huku?"

Umutoni alijibu bila kugeuka, kwa Kiswahili.

"Ili nisisikie, Mama. Sebuleni sauti yako inafika yote."

"Unajua Kiswahili?"

"Shangazi alinilea Nyamirambo nikiwa mdogo. Si kile cha Tabora, lakini nasikia."

Nyiramana akakumbuka mchuzi, na mablanketi, na mengine mabaya zaidi ambayo alimwambia Kellen huku akicheka.

"Na hukusema."

"Ningesema nini, Mama?"

Umutoni alimpa mtoto maziwa, akatoka.

Kesho yake Nyiramana alimpigia Ishimwe. Fundi akamweleza kuwa maikrowevu ikiwaka huvuruga mawimbi ya waifai ya kawaida, hasa ikiwa karibu. Kwa bahati, ruta yao ilirusha mawimbi ya aina mbili. Akamwelekeza kwa simu jinsi ya kuchagua jina la pili la waifai kwenye kompyuta. Jioni maikrowevu ilinguruma, na Kellen hakuganda.

"Haya, niambie," Kellen alisema. "Yule wako kafanya nini leo?"

Nyiramana alitega sikio. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile hakukiamini. Je, Umutoni alijua tangu mwanzo kwamba mashine ile inaukata mtandao? Hakumuuliza, wala hakuona njia ya kumuuliza.

"Hajambo," alisema. "Mtoto anakua. Niambie habari za huko."

Jumapili alimwita Umutoni aje amsalimie Kellen. Umutoni alisema ana nguo za kuanua. Akaenda, akazianua, kisha akarudi na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama mdogo," alisema kwenye kioo cha kompyuta.

Kellen alimtazama dada yake. Kisha akaitikia.