Mnabishania Wapi?

Arlys Haugdahl aliacha kukama ng'ombe, udadisi hakuuacha. Wilaya ilipoifunga shule yetu hapa Lundby, ni yeye aliyeisoma sheria ya jimbo letu la Minnesota, Marekani, neno kwa neno, akagundua wenyeji wanaweza kuendesha shule ya umma wenyewe, mradi wampate msimamizi aliyeidhinishwa na jimbo awape mkataba. Akapatikana. Tukachagua kamati ya watu watano, Arlys mwenyekiti.

Mwaka wa tano mkataba ukakaribia kwisha, msimamizi akamtuma Bwana Petrich kukagua. Tukifeli, watoto themanini watapanda basi saa nzima kwenda mji wa watu.

Petrich akafunua kumbukumbu za vikao, akarudi nyuma, akafunua tena. Kila kikao dakika tisa. Kila kura tano kwa sifuri. Hakukasirika, alitaka kujua tu.

"Mama, miaka mitano hamjapishana hata kauli. Kwani mnabishania wapi?"

Haya sasa! Mji mzima ulijua. Kila asubuhi Arlys, shoga yake Lavonne na Orrin, wote wanakamati, walikaa mkahawani kwa Dottie, meza ya dirishani, wakabishana mpaka kahawa ipoe. Jioni ya kikao mambo yalishaiva. Sisi kugombana mbele za watu ni aibu. Lakini kwa sheria, wanakamati watatu kati ya watano wakizungumzia shule, hicho ni kikao, na kila mzazi ana haki ya kusikiliza. Arlys alikisoma kifungu hicho. Hakudhani kinahusu kahawa.

Lavonne, aliyeketi naye mbele ya Petrich, akamkanyaga mguu chini ya meza. Arlys akauvuta mguu wake.

"Kwa Dottie," akasema. "Meza ya dirishani."

Mkataba ukaja wa miaka mitatu badala ya mitano, na onyo juu. Kikao kilichofuata kilichukua saa tatu, wazazi wamejaa. Mama mmoja akauliza kama ni kweli somo la muziki la mwanawe lilifutwa kwa Dottie, wawili kwa mmoja. Arlys akakiri, uso umemwiva kwa aibu.

Siku hizi Lavonne na Orrin hukaa dirishani, Arlys kaunta, peke yake. Lavonne humwita, waongee habari za mvua tu, sheria haikatazi. Arlys hutikisa kichwa. Anajijua: kikombe kimoja hakitaisha kabla hajaitaja shule.