Hakimu wa Dawati la Tatu

Binti wa fundi cherehani, shuleni walimwita Hakimu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima marafiki. Alikuwa na miaka kumi na mitano, umri ambao mtu anajua kila kitu isipokuwa kufua soksi zake mwenyewe.

Kipimo chake kilikuwa simu. Ukimjibu ndani ya dakika moja, wewe ni wa damu. Dakika tano, unachunguzwa. Ukiipita picha yake bila kuweka hata ua moja, una kijicho, na kijicho hakina dawa. Aliyeongoza alikuwa Bi Mioyo, msichana wa dawati la nyuma, aliyejibu kila kitu kwa mioyo myekundu, hata taarifa ya msiba. Wa mwisho alikuwa Kobe, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Kobe alitumia simu ya mama yake, na mama alikuwa anashinda nayo sokoni. Hakimu alilijua hilo fika, ila visingizio yeye hasikilizi, ng'o.

Basi akaamua kuwapa mtihani. Atakayefaulu atakaa naye, atakayefeli ahame. Jumatatu akajilaza, eti tumbo linamkata. Baba yake, mja wa Mungu, akaacha suruali ya mteja na mguu mmoja, akaenda kumchemshia chai. Huku nyuma mgonjwa akajipiga picha kumi na saba, mpaka akapata moja aliyokaribia kufa vizuri. Akaituma: "Niombeeni."

Mioyo ikamiminika. Bi Mioyo peke yake alituma arobaini na miwili. Kwa Kobe, kimya. Siku tatu, kimya.

Alhamisi asubuhi, akivaa viatu, akatoa hukumu mbele ya cherehani. "Kobe leo namhamisha. Hata pole hajanipa."

"Yule mwenzako wa siku zote, mama?" fundi akauliza.

"Siku zote si hoja, baba."

Fundi akatunga uzi kwenye sindano. Angesema nini, naye ndiye aliyemnunulia simu?

Hakimu akafika darasani kifua mbele. Dawati la tatu lilikuwa tupu. Kobe alishahamia mbele, dirishani. Pale alipokuwa akikaa ameacha daftari, masomo yote ya siku tatu yamenakiliwa kwa mwandiko wake wa taratibu.

Hakimu akamfuata. "Mbona umehama?"

"Jumatatu nilikuja kwenu baada ya vipindi," Kobe akasema, bila kupandisha sauti. "Mlango ulikuwa wazi. Nikakuona kitandani unajipiga picha, unacheka peke yako. Nikarudi zangu."

"Si ungeingia tu?"

"Mwalimu kaniuliza habari zako Jumanne na Jumatano. Siku zote mbili nikamwambia una homa. Mimi kusema uongo siwezi. Sitaki tena."

Hakimu akarudi kuketi, akalifungua lile daftari asione hata mstari. Alitamani kulia, tena kwa sauti.

Bi Mioyo akaja akajibwaga pembeni yake, akalivuta daftari.

"Lete nami ninakili," akasema. Kisha akamtazama vizuri. "Kwani wiki hii ulikuwa huji?"